Saa ya Dhahabu ya Kabaka Mutesa



Mwezi Februari 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika katika jumba la Kabaka Mutesa wa Buganda akiwa na mizigo ya zawadi. Orodha yake imehifadhiwa katika kitabu cha safari yake. Palikuwa na sanduku la bati, vitambaa vinne vya hariri, bunduki moja nzuri iliyotengenezwa na Whitworth, bastola, bunduki fupi tatu pamoja na singe zake, risasi na fataki, darubini, kiti cha chuma, mafungu kumi ya shanga bora, na visu, vijiko na uma za mezani. Kila kitu kilifungwa kwanza katika kitambaa cha maua, kwa kuwa haikuwa heshima kumpelekea mfalme kitu kikiwa wazi. Na katikati ya vitu hivyo ilikuwemo saa moja ya mfukoni, ya dhahabu, ya aina iitwayo kronomita.

Wasomaji wa ukurasa huu wanalifahamu jina la Speke, maana shuleni tulifundishwa kwamba tarehe 3 Agosti 1858, akitokea Tabora kupitia Usukuma, aliliona ziwa letu pale Mwanza akalipa jina la malkia wake. (Kwamba wenyeji walikuwa wakiliona kila asubuhi na kuliita Nyanza, tulifundishwa kwa sauti ya chini zaidi.) Leo sitaki kuzungumzia ziwa. Nataka tuitazame ile saa, kwa sababu naona kwamba katika orodha yote ile ndiyo zawadi iliyokuwa na thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyotolewa vibaya kuliko zote.

Kronomita ni nini? Saa ya kawaida humwambia mtu ni saa ngapi mahali alipo. Kronomita ilibuniwa imwambie ni saa ngapi mahali ambapo hayupo. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa moja, na digrii moja kwa dakika nne. Mwanhuzi yetu iko karibu digrii 34 mashariki ya Greenwich, mji mdogo kando ya London ambako Waingereza walijenga kituo cha kuangalia nyota mwaka 1675. Zidisha 34 kwa nne, utapata dakika 136, yaani saa mbili na dakika 16. Kwa hiyo jua linapofika utosini mwetu hapa, kule Greenwich ni kama saa tatu na dakika 44 za asubuhi. Sasa geuza hesabu. Msafiri asiyejua yuko wapi anatazama jua na kujua kwamba kwake ni adhuhuri. Anatoa mfukoni saa inayohifadhi wakati wa Greenwich na kukuta saa tatu na dakika 44. Tofauti hiyo ndiyo inayomwambia kwamba amesimama kwenye digrii 34. Lakini saa ikidanganya kwa dakika moja tu, ramani yake itahamisha kijiji chetu karibu kilomita 28. Ikidanganya kwa dakika kumi, Mwanhuzi itachorwa katika nchi ya watu wengine kabisa.

Jambo hili lilianza kutafutwa kwa machozi ya mabaharia. Mwaka 1707 meli nne za kivita za Uingereza zilipasuka kwenye miamba ya visiwa vya Scilly kwa sababu manahodha hawakujua walipo, na watu zaidi ya elfu moja walikufa maji. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza likatangaza tuzo ya hadi paundi 20,000 kwa atakayepata njia ya kuijua longitudo baharini. Wanajimu wakubwa waliitafuta njia hiyo mbinguni, katika mwendo wa mwezi na nyota. Aliyeifungia ndani ya saa alikuwa John Harrison wa Yorkshire, seremala na mwana wa seremala, jambo ambalo msomaji Mkristo halipiti bila kutabasamu. Saa yake ya nne, iliyokamilika mwaka 1759, ilikuwa na upana wa kama sentimita 13 tu, nayo ilifaulu mtihani wa safari ya baharini hadi Jamaika.

Saa ya Harrison ilikuwa ya ajabu, lakini ilikuwa moja, na kuitengeneza kulichukua miaka. Aliyefanya kronomita iwe kitu ambacho mtu anaweza kukiweka mfukoni na fundi anaweza kukitengeneza tena na tena ni John Arnold. Alizaliwa mwaka 1736 huko Bodmin, Cornwall, baba yake akiwa fundi saa. Naye, kama Speke baadaye, aliingia kwa mfalme kwa njia ya zawadi: mwaka 1764 alimpa Mfalme George wa Tatu saa ndogo mno iliyowekwa ndani ya pete, yenye uwezo wa kugonga wakati. Baada ya hapo milango ya London ilimfungukia. Tofauti ni kwamba Arnold aliishi jirani na aliyempa zawadi. Ikisimama, angeitwa.

Mwaka 1779 Arnold alipeleka Greenwich saa kubwa ya mfukoni, ya dhahabu, yenye namba 36. Wanajimu wakaipima kwa miezi 13 mfululizo, wakiilaza, wakiisimamisha, wakiivaa mwilini, na matokeo yakachapishwa mwaka 1780. Katika kijitabu hicho ndimo jina kronomita lilipoanza kuzoeleka kwa saa za namna hiyo. Ndani ya kasha la dhahabu hapakuwa na dhahabu ya maana. Palikuwa na shaba nyeupe na chuma cha pua, na yakuti ndogondogo za kuzuia msuguano. Gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huku, liliunganishwa kwa shaba na chuma pamoja, ili joto linapozidi madini haya mawili, ambayo hayapanuki sawasawa, yajikunje na kusahihisha mwendo. Kamani yake ilisokotwa kama mzinge wa waya badala ya kulala bapa. Na kile kifaa kinachoachia meno ya gurudumu, jino moja kwa pigo moja, kiliguswa kidogo iwezekanavyo, ili mashine isiyumbishwe na kazi yake yenyewe. Thomas Earnshaw, fundi mwenzake mwenye kipaji na ulimi mkali, alidai hadi kufa kwamba sehemu bora za ubunifu huo aliibiwa. Tume ya Longitudo iliamua kwa hekima ya Suleimani, isipokuwa kwamba hapa mtoto aligawanywa kweli: mwaka 1805 Earnshaw na familia ya Arnold walihesabiwa tuzo sawa, paundi 3,000 kila upande.

Nashindwa kuliacha jambo moja kuhusu Arnold. Rafiki yake mkubwa katika ufundi alikuwa Abraham-Louis Breguet wa Paris, na wana wao walifundishwa kazi kwa kubadilishana nyumba. Arnold alifariki mwaka 1799. Mwaka 1808, Ufaransa na Uingereza zikiwa katikati ya vita vya Napoleoni, Breguet alichukua kronomita ya zamani ya marehemu, akaiwekea ubunifu wake mpya kuliko wote, akaichonga maneno ya heshima kwa rafiki yake, akampa mtoto wa marehemu. Saa hiyo iko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza huko London. Majeshi ya mataifa yao yalikuwa yakiuana siku zile.

Mtoto huyo, John Roger Arnold, alishirikiana na Edward John Dent kuanzia mwaka 1830 hadi 1840. Dent ndiye aliyepewa kazi ya saa kubwa ya Bunge la Westminster, ile ambayo dunia huiita kwa jina la kengele yake, Big Ben. Na ni Dent huyohuyo aliyetengeneza kronomita ya mfukoni aliyoitumia David Livingstone alipokata Afrika kutoka magharibi hadi mashariki, akifika Quelimane mwaka 1856. Hivyo ufundi ulioanzia katika karakana ya Arnold ulifika katika bara letu ukiwa umefungwa kwa kitambaa, juu ya kichwa au mgongo wa mtu.

Hapa ndipo historia ya saa hizi inapokuwa yetu, kwa sababu kronomita haikutengenezwa ikijua njia ya Usukuma. Burton na Speke walipoondoka pwani mwaka 1857 walikuwa na kronomita tatu. Zilisimama moja baada ya nyingine safarini, kwa unyevu, vumbi na misukosuko. Wakalazimika kupima sekunde kwa risasi ya bunduki iliyofungwa kwenye uzi wa inchi 39, karibu mita moja, ikining'inia kwenye tupa. Ni elimu safi kabisa: pendulo ya urefu huo huenda upande mmoja kwa sekunde moja. Vilevile Speke alipima kimo cha ziwa kwa kuchemsha maji na kutazama kipimajoto, maana maji huchemka kwa joto dogo zaidi mahali palipoinuka. Alipata futi 3,740, yaani mita 1,140. Vipimo vya leo husema mita 1,134. Saa za dhahabu zimekufa, sufuria ya maji ya moto ikasema ukweli.

Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mchukuzi wa kronomita za Livingstone aliteleza kwenye mteremko wenye matope akaanguka, kisha akaanguka tena. Saa hazikuvunjika. Zilibadilika mwendo tu, na longitudo za Livingstone zikapotoka kwa makumi ya kilomita. Ili tuelewe kwa nini anguko dogo lilete madhara makubwa hivyo, lazima tujue siri ya kronomita, ambayo wengi wanaosifia saa hizi za kale hawaitaji. Fundi hakuahidi saa isiyokosea. Aliahidi saa inayokosea kwa kiasi kilekile kila siku. Kama inachelewa sekunde tatu kwa siku, na imethibitishwa hivyo kwa majuma mengi, basi baada ya siku 100 unajua imechelewa sekunde 300, unaongeza dakika tano, na una wakati wa Greenwich mkononi. Kosa linalojulikana si hasara. Kosa lililobadilika bila wewe kujua ndilo linalokupoteza, na anguko la mchukuzi lilifanya hivyo. Wanaofanya uchunguzi wa dhamiri kila jioni wataona kwamba Mtakatifu Ignasi wa Loyola na mafundi saa wa London wangeelewana.

Kwa hiyo kronomita haikuwa kitu kimoja. Ilikuwa ni saa pamoja na daftari la mwendo wake, pamoja na mtu anayeitia ufunguo saa ileile kila siku, pamoja na sekstanti na majedwali ya kuisahihisha kwa nyota. Ukiondoa hayo, inabaki saa nzuri yenye kasha la thamani.

Na ilikuwa pia mtu anayeibeba. Kwenye uso wa saa limechorwa jina la fundi; anayeibeba hana pa kuchorwa. Safari zile zote ziliendeshwa na miguu ya Wanyamwezi, Wasukuma, Waswahili na Wayao. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani hadi India, alirudi akiwa huru na kuongoza misafara ya Burton, Speke, Stanley na Cameron. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa Speke nishani ya dhahabu. Bombay ilimpa ya fedha. Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake, pamoja na maandishi na vyombo vyake, hadi Bagamoyo, ambako mwezi Februari 1874 mwili ulipokewa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Watu hawa hawakuwa wameagizwa na mtu yeyote aliye hai. Wakiamua kuzika kila kitu msituni, nani angewalaumu? Ninapowasikia vijana wakisema kwamba Mwafrika hana habari na wakati wala uaminifu wa kazi, huwa naikumbuka safari hiyo ya miezi mingi.

Turudi kwa Mutesa. Speke mwenyewe anasimulia kwamba Kabaka alipopokea bunduki aliijaza, akamkabidhi kijana wa jumba aende nje akajaribu kumpiga mtu. Kijana akaenda, akarudi akisema amefanikiwa. Kisa hiki kimetumiwa sana kuonyesha ukatili wa mfalme, na ukatili ulikuwepo, sitaufunika. Lakini nauliza swali lingine. Kwa nini bunduki ilieleweka siku ileile na saa haikueleweka? Kwa sababu bunduki haihitaji elimu ya mbali. Unajaza, unalenga, mtu anaanguka. Matumizi yake yote yamo ndani yake. Saa ile ya dhahabu ilihifadhi wakati wa mji ambao Kabaka hakuuona, kwa ajili ya hesabu ambayo hakuna aliyemfundisha, ili ichorwe ramani ambayo haikuwa yake. Aliyempa alikaa Buganda hadi Julai 1862, akaenda zake kuutafuta mto Nile unapotoka ziwani, na tarehe 28 Julai akaupata. Mwaka 1864 alikufa kwa bunduki yake mwenyewe huko Uingereza, siku moja kabla ya mdahalo wake na Burton. Bunduki ziliendelea kufanya kazi Buganda. Kwa kronomita, jumba lilipata dhahabu inayotoa mlio.

Mtu anaweza kunijibu kwamba namhukumu Speke kwa macho ya leo. Basi nimlinganishe na mtu aliyemtangulia kwa zaidi ya karne mbili na nusu. Mwaka 1601 Padre Matteo Ricci, Mjesuiti Mwitalia, alifika Beijing na zawadi kwa mfalme wa Uchina, Wanli, na katika zawadi hizo zilikuwamo saa zinazogonga zenyewe. Mfalme alizipenda. Zikahitaji kutiwa ufunguo na kurekebishwa, na hapo Ricci na mwenzake wakaitwa jumbani kuwafundisha watumishi wa mfalme kuzitunza. Waliruhusiwa kubaki mjini. Ricci alikuwa amekwisha kujifunza Kichina, kukisoma na kukiandika. Aliandika vitabu, akachora ramani ya dunia kwa Kichina, na pamoja na msomi Xu Guangqi akatafsiri jiometri ya Euklidi. Alifia Beijing mwaka 1610, akazikwa huko kwa kibali cha mfalme. Simfanyi Ricci malaika. Alijua vizuri kwamba saa zilikuwa ndoana. Ila alikaa na ndoana yake, akamfundisha aliyeshikwa namna ya kuitengeneza, naye akajifunza kutoka kwake.

Buganda walikuja wa kufundisha baadaye, kwa njia inayotuhusu sisi moja kwa moja. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita White Fathers, walifika Kagei, kusini mwa ziwa, upande wetu wa Usukuma, na kutoka hapo Padre Simeoni Lourdel na Bruda Amans wakatangulia kwa mtumbwi. Walifika Kigungu tarehe 17 Februari 1879. Miaka 17 ilikuwa imepita tangu saa ya Speke ifike. Walifundisha kusoma, wakajifunza Kiganda, wakagombana na Waanglikana waliotangulia, jambo ambalo Mutesa alilitazama kwa mshangao wenye haki. Mwishoni mwa 1882 waliondoka kwa hofu ya usalama, na mwaka 1883 wakaweka makao Bukumbi, karibu na Mwanza, ambako mbegu ya Kanisa la kanda hii yote ilipandwa. Huko Bukumbi aliishi pia Padre August Schynse, Mjerumani, aliyepima na kuchora pande za kusini-magharibi za ziwa. Alifariki hapo mwaka 1891 akiwa na miaka 34.

Wamisionari hao walikuwa na saa zao mfukoni, lakini kitu walichowapa watu kilikuwa kengele. Tofauti yake na kronomita ni kubwa. Kronomita humtumikia aliyeishika peke yake. Kengele ya Malaika wa Bwana, asubuhi, adhuhuri na jioni, humfikia anayelima pamba na anayechunga ng'ombe, bila kumuuliza kama anajua kusoma namba za Kirumi. Najua pia kwamba kengele ilitumika kuwapanga watu kazini kama askari, na wazee wetu wengine hawakuipenda kwa sababu hiyo.

Mutesa alifariki Oktoba 1884. Mwezi huohuo, wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington wakaafikiana kwamba longitudo za dunia zihesabiwe kuanzia Greenwich. Kutoka Afrika kusini mwa Sahara palikuwa na Liberia tu. Mwezi uliofuata ulianza mkutano wa Berlin, ambako hata Liberia haikukaa mezani. Tangu hapo na sisi tunahesabiwa kutoka Greenwich: saa rasmi ya Tanzania iko saa tatu mbele, ambayo kwa haki ni saa ya digrii 45, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Ndiyo maana hapa kwetu jua halifiki utosini saa sita kamili. Hufika karibu dakika 44 baadaye, na hata Dar es Salaam huchelewa kama dakika 23.

Lakini lugha yetu haikukubali kuhesabu kila kitu kutoka huko. Sisi bado tunaianza siku jua linapochomoza, na saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Wageni huona ni vurugu. Basi wafungue Injili. Wakulima wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20 waliajiriwa saa tatu, saa sita, saa tisa, na wa mwisho saa kumi na moja. Bwana wetu alikata roho saa tisa. Msomaji wa Ulaya lazima aelezwe kwamba saa ya tisa ni alasiri na ya kumi na moja ni karibu na machweo. Mtoto wa Mwanhuzi haelezwi. Saa yake na saa ya Yerusalemu ya wakati ule zinahesabiwa kwa jua lilelile na kwa namba zilezile. Anayeita uzembe wetu wa kuchelewa mikutanoni "saa za Kiafrika" anaitukana hesabu iliyo ya kale na sahihi. Uzembe tuuite uzembe.

Leo simu yenu ndogo inabeba kazi yote ya Arnold. Inapowaonyesha mlipo, inalinganisha ishara kutoka satelaiti zenye saa za atomu, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde hupotosha mahali kwa mita 300. Kanuni ni ileile ya mwaka 1779: mahali hujulikana kwa wakati. Na hatari ni ileile ya mwaka 1862, ya kupewa kasha linalong'aa bila daftari lake. Ndiyo sababu nimeona tusiishie kusoma.

Tarehe 13 Juni ni kumbukumbu ya Mtakatifu Antoni wa Padua, ambaye waamini humwomba awasaidie kupata vilivyopotea. Inatokea kwamba ni moja ya siku chache katika mwaka ambapo jua linakubaliana na saa bila kuhitaji masahihisho, na wakati huo jua liko kaskazini yetu kiasi cha kutupa kivuli kizuri, kama nusu ya urefu wa fimbo. Tutasimamisha fimbo ya mita moja wima kwenye uwanja ulio sawa. Kabla ya saa sita tutaweka alama ncha ya kivuli na kuandika saa. Kwa uzi tutachora duara kupitia alama hiyo, fimbo ikiwa katikati. Kivuli kitafupika, kisha kitarefuka tena, na kitakapoligusa duara upande wa pili tutaandika saa mara ya pili. Katikati ya saa hizo mbili ndipo adhuhuri ya kweli ya Mwanhuzi. Tutatazama imepita saa sita kwa dakika ngapi, tutagawanya kwa nne, na kutoa jibu katika 45. Wanaotaka kujaribu wanikute nyuma ya kanisa saa nne asubuhi. Fimbo ninayo, kila mmoja aje na uzi, na daftari la kuandikia.